Gardenali ya Shangazi na Vidonge vya Mjomba

Kuna miezi katika maisha yangu ambayo jamaa zangu wa Kalemie wanaisifu mpaka leo. Wanasema wakati ule nilikuwa mtoto mzuri. Sibishi, sipayuki, nikitumwa naenda, nikiambiwa nikae nakaa. Mimi mwenyewe siwezi kukubali wala kukataa, kwa sababu sehemu kubwa ya miezi hiyo nilikuwa nimelala. Nililala kitandani, nililala juu ya kigoda jikoni, nililala kanisani wakati wa mahubiri, ambako angalau sikuwa peke yangu. Hata niliposimama macho wazi na ndoo mkononi, nilikuwa nimelala. Na ni katika hali hiyo, si nyingine, ndipo nilipopata mchumba.

Nilikuwa na kifafa. Bado ninacho, asanteni kwa kuuliza. Kilinianza nilipoingia sekondari, miaka ile ya Zaire ambapo kila asubuhi tuliimba na kucheza mbele ya bendera kabla ya kufunguliwa mlango wa darasa, na ambapo baba yangu, karani wa mizigo pale stesheni, alikuwa ameacha tai na kuvaa abakosti, lile koti lisilo na tai lililoamriwa na serikali, kama wananchi wote wenye akili. Nilianguka mara ya kwanza katikati ya wimbo. Mwalimu alidhani ni uzalendo umenizidi.

Nyumbani hawakudhani hivyo. Nyumbani kulikuwa na pande mbili, na kila upande ulijua mara moja ugonjwa umetoka wapi. Watu wa baba, wenyeji wa hapa hapa ziwani, walisema umeshuka kutoka Kirungu kwa watu wa mama, kule juu kwenye baridi na ukungu, ambako kwa maoni yao binadamu anaweza kupata jambo lolote. Watu wa mama walisema umetoka ziwani, katika ukoo ambao ulikuwa na babu mmoja aliyekufa na hakuna aliyewahi kueleza vizuri alikufaje. Mabishano hayo yaliendelea miaka. Mimi niliyekuwa naanguka sikuulizwa, maana mgonjwa anajua nini juu ya ugonjwa wake?

Dada mkubwa wa baba, shangazi yangu, ndiye aliyenipeleka kwenye dispensere ya masista. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuitia mtumbwi ulio mbali, na alijuana na masista kwa sababu aliwauzia samaki wa mgebuka wa kukaushwa kila Ijumaa. Huko nilipewa gardenali, kidonge kidogo cheupe cha kumeza jioni. Tangu siku hiyo gardenali ikawa mali ya ukoo wa baba. Shangazi ndiye aliyekwenda kuichukua, ndiye aliyeihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga, na akiwa kwetu saa ya kumeza ilipofika, alisimama kando yangu kana kwamba ananibatiza.

Na ilifanya kazi, lazima niseme. Nilianguka mara moja moja tu, tena kidogo. Wakati mmoja dispensere iliishiwa, nikakaa bila dawa, na nikaangukia mbabula, jiko letu la makaa, likiwaka. Kovu la kiwiko ninalo. Kwa hiyo niliheshimu gardenali, na niliheshimu kopo lile, ingawa nilicheka jinsi shangazi alivyolibeba.

Maana nilikuwa mcheka watu. Hilo nalo lijulikane. Nilikuwa na mdomo. Nilimwambia padri, kwa adabu, kwamba mahubiri yake ya Kwaresima yalikuwa yale yale ya mwaka uliopita pamoja na kikohozi. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa ualimu, nikingojea mtihani wa taifa, na nilitaka jambo moja tu duniani, kusimama mbele ya darasa nikasikilizwa na watoto arobaini wasioruhusiwa kuondoka. Baba alisema sijawahi kukutana na ukimya nikauacha ulivyo.

Kisha mjomba akarudi kutoka Ubelgiji.

Alikuwa mdogo wake mama, na alikuwa amepelekwa huko kwa mafunzo ya kazi. Alikaa miezi michache tu, lakini aliporudi alilalamikia joto la mji aliozaliwa, akauliza kama maji ya ziwa yamechemshwa, na akawa anasema "kwetu kule" akimaanisha Brussels. Mama alimpikia bukari na sombe, ugali wetu na majani ya muhogo, akala kwa uma. Baada ya kula akafungua valizi, akatoa masanduku ya vidonge, mengi, mapya, yameandikwa kwa herufi nzuri. Dawa ya kifafa, akasema. Valproate. Alikuwa ameiomba kwa daktari mmoja kule akaeleza habari zangu.

Nilikuwa nimeguswa kweli. Mtu kuvuka bahari akikukumbuka si jambo dogo. Halafu akaharibu.

"Gardenali?" alisema alipoona kopo la shangazi mezani. "Mungali munamupa mutoto gardenali? Kwetu kule ile banapatia mbwa."

Shangazi alikuwa mlangoni. Bila shaka alikuwa mlangoni, alikuwa na kipaji cha kuwa mlangoni.

"Na mbwa wa kule banapona?" akauliza.

"Banapona, ndiyo."

"Basi njo dawa muzuri," shangazi akasema, akaketi.

Hapo vita ikatangazwa, na uwanja wa vita ulikuwa tumbo langu. Upande wa baba ulisema mtoto ataendelea na gardenali, dawa ya masista, dawa iliyojaribiwa. Upande wa mama ulisema mtoto atakunywa dawa ya kisasa, kwa nini watu wa ziwani wanataka kumtibu kama mnyama? Haikuwa habari ya kifafa tena. Kama ningepona kwa gardenali, ukoo wa baba ungekuwa umetoa uponyaji, na kwa hiyo ugonjwa ungekuwa wa milimani. Kama ningepona kwa vidonge vya mjomba, basi kinyume chake.

Mama yangu hakupenda ugomvi. Alikuwa mwanamke mpole, wa maneno machache, aliyeolewa mbali na kwao na aliyejifunza kuishi kati ya pande mbili zinazovutana bila kupasuka. Katika kila sherehe aligawa samaki kwa namna ambayo hakuna upande uliopata vichwa vyote. Na sasa akanigawa mimi vivyo hivyo. Asubuhi vidonge vya mjomba, jioni gardenali ya shangazi. Akanieleza kwa upole, macho chini, akiniita mama kama alivyozoea kuniita binti yake: "Mama yangu, hivi hakuna atakayekasirika." Kila upande ulikuwa na nusu ya siku yangu. Haki ilikuwa imetendeka.

Siku za kwanza sikuona kitu. Kisha kichwa kikaanza kuwa kizito, halafu miguu ikawa ya mtu aliyeshuka sasa hivi kwenye boti. Mikono ikatetemeka. Ulimi ukanenepa mdomoni. Darasani mwalimu akiniuliza swali, jibu nilikuwa nalo, lakini lilipofika mdomoni somo lilikuwa limekwisha kuwa jiografia. Wenzangu walicheka mwanzoni. Baadaye wakaacha, na hilo lilinitisha zaidi kuliko kicheko.

Lakini sikuanguka. Lazima tuwe wakweli, kifafa kilikwisha kabisa. Sijui kingepata wapi nafasi.

Shangazi alishinda. "Munaona? Gardenali yetu imeingia." Mjomba naye alishinda. "Nilisema mimi, dawa ya kule haichezi." Katika historia ya nyumba yetu hiyo ilikuwa mara ya kwanza watu wote kushinda pamoja, na kila mmoja alipopita alinitazama nilivyokaa pale kwenye kigoda nikidondosha mate kidogo, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mutoto ametulia," walisema.

Majirani nao walisema. Mama mmoja wa mtaa wa juu alimleta binti yake anitazame, ajifunze. Padri alinisifu waziwazi. Mimi niliyeambiwa miaka yote nifunge mdomo, nikawa mfano wa malezi bora kwa kuwa sikuweza kuufungua.

Baba peke yake alikunja uso. Siku moja nililala mezani na mkono ndani ya bukari, na alipoona bukari inapoa vidoleni mwangu alisema, kwa sauti ndogo maana dada yake alikuwepo, kwamba afadhali daktari anione.

Basi tukaenda hospitali. Shangazi alinipeleka, na kikaratasi cha mgonjwa alikibeba yeye ndani ya mkoba wake. Daktari alikuwa kijana aliyetoka Kinshasa, mwenye benchi la wagonjwa lililofika mpaka nje kwenye jua. Aliuliza nakunywa dawa gani.

"Gardenali, dokta," alisema shangazi.

"Gardenali tu?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema kuna nyingine. Neno lenyewe nililiona kabisa, limekaa mbali, nikawa nalifuata.

"Tu," alisema shangazi. Mtu hawezi kwenda mpaka hospitali kumtangazia adui yake dawa. "Na usimusumbue na maulizo, dokta, ni mutoto ya haya."

Daktari alitazama kipimo cha gardenali, akanipima uzito, akaona vinapatana, akaandika damu imepungua. Nikapewa vidonge vyekundu vya damu.

Wiki iliyofuata mjomba alisikia kwamba upande ule umekwenda hospitali, naye akanipeleka. Alinunua kikaratasi kipya, maana kile cha kwanza kilikuwa mkobani kwa shangazi, na hangeweza kwenda kukiomba. Daktari, kwa wingi wa wagonjwa wake, hakunikumbuka, na mjomba alizungumza naye Kifaransa kirefu kuhusu Brussels. Alipoulizwa dawa alitaja valproate, akaweka sanduku mezani, daktari akalishika kwa heshima. Gardenali hakuitaja. Angesemaje mbele ya msomi mwenzake kwamba kwao wanampa mtoto dawa ya mbwa? Daktari akatazama kipimo, akaona kinafaa kabisa. Akasema ni uchovu wa masomo. Akaandika nipumzike.

Mimi. Nipumzike.

Njiani kurudi nililia, nakumbuka vizuri, pale kwenye reli karibu na bandari. Mjomba alidhani ni furaha ya kuhudumiwa Kifaransa. Nilijua kitu ambacho hakuna mtu mwingine aliyekuwa akikijua chote, kwamba dawa zilikuwa mbili na kabla ya kuwa mbili nilikuwa mtu. Nilijua kwa hesabu ya kawaida tu. Lakini kila aliyekuwa na ulimi alikuwa na nusu ya habari, na mimi niliyekuwa nayo nzima sikuwa na ulimi. Kuacha kumeza sikuthubutu. Mama alinitazama nikimeza, kisha akatazama chini ya ulimi, na kiwiko changu kilinikumbusha kilichotokea dawa ilipokatika ghafla. Nilikuwa naogopa dawa, na naogopa kukosa dawa. Sikuwahi kuogopa hivyo kabla wala baadaye.

Hapo ndipo sifa zangu zikafika Kabalo, mji wa mbali kwenye reli yetu.

Treni huleta mihogo, huleta mahindi, huleta na habari. Mama mmoja wa Kabalo, ambaye kijana wake alikuwa fundi wa mabehewa, alikuwa akimtafutia mke mtulivu. Mke wa kwanza waliyemtafuta alikuwa na maneno, wakamwacha. Akasikia kwamba Kalemie, kwa karani wa mizigo, kuna binti hapandishi sauti. Wakaja kututembelea. Nilileta maji, nikamwaga kidogo tu, nikakaa mkekani nikainamisha kichwa, kwa sababu shingo haikutaka kukibeba.

"Angalia heshima," alisema yule mama. "Hataki hata kutuangalia mu macho."

Akaniuliza kama nimemwona kijana wake. Kichwa changu kikaanguka mbele, kikainuka, kikaanguka tena. Nilikuwa nasinzia. Wageni walipiga makofi. Mimi nilikubali kuchumbiwa kwa njia hiyo, na mpaka leo sijapata mtu mwingine aliyefanya hivyo kwa juhudi ndogo zaidi.

Kijana mwenyewe sina neno baya juu yake. Sikumwona sawasawa. Nakumbuka viatu vyake vimepigwa rangi vizuri na kwamba alizungumza habari za breki.

Kilichotokea baada ya wageni kuondoka kilikuwa cha ajabu. Shangazi na mjomba walikaa benchi moja. Kwa mara ya kwanza walikubaliana jambo, na jambo lenyewe lilikuwa hili, kwamba watu wa Kabalo wasiambiwe kuna kifafa. Haanguki tena, walisema, kwa nini kuharibu? Na mtihani wa taifa je? aliuliza baba. Sherehe iliwekwa kabla yake. Shangazi akamwuliza kama mabehewa ya mume yanahitaji diploma ya mke. Baba akatazama viatu vyake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa itokee. Ningepandishwa treni nimelala, pamoja na kopo la maziwa na masanduku ya Ubelgiji, mpaka mji ambao hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kunisikia nikisema. Huko wangedhani hivi ndivyo nilivyo. Hakuna ambaye angenitafuta ndani ya usingizi huo kwa sababu hakuna ambaye angejua nimo. Nilipolielewa hilo, hasira ilinishika, na ile hasira, nawaambia, ilinisaidia kukaa macho kuliko kahawa yote ya Kirungu.

Nilibaki na nafasi moja. Kwetu, siku wakwe wanapoleta kinywaji, hakuna anayekigusa mpaka binti aitwe katikati, aulizwe mbele ya pande zote kama wanywe au wasinywe. Akisema munywe, imekwisha. Lazima aseme kwa mdomo wake. Shangazi, ambaye aliujua mdomo wangu ulivyokuwa siku hizo, alinifundisha: "Neno moja tu. Munywe. Sema." Nikasema. "Tena." Nikasema tena. Alifurahi sana na maendeleo yangu.

Sikuwa namsikiliza yeye. Nilikuwa nawaza kwamba siku ile shangazi na mjomba watakuwa chumba kimoja, na daktari naye atakuwepo, kwa maana baba alikuwa amemwalika ili wakwe waone tunajuana na watu. Wote watatu mahali pamoja. Nilitunga nitakachosema. Mimi niliyeweza kuhutubia dakika arobaini bila kumeza mate, nilikata maneno, nikayakata tena, mpaka yakabaki machache ninayoweza kuyabeba.

Siku ikafika. Watu wa Kabalo walikaa upande wa dirisha, sisi upande wa mlango, bia katikati. Daktari alikaa kwenye kiti cha pekee chenye mto, amevaa abakosti, anatazama chupa. Msemaji wa wakwe aliongea muda mrefu juu ya ua aliloliona akipita. Ua ni mimi. Nikaitwa.

"Binti yetu," alisema msemaji. "Hii kinywaji imeletwa. Tunywe, ao tusinywe?"

Nilifungua fundo la kikwembe changu, kitenge nilichojifunga. Nilikuwa nimeingiza humo asubuhi vidonge vya gardenali kutoka koponi na sanduku moja la mjomba. Nikatembea, nadhani nilitembea vibaya, nikaviweka mbele ya daktari kati ya chupa.

"Nakunywa hii," nikasema. "Na hii. Kila siku. Zote mbili."

Ilinichukua muda mrefu sana. Hakuna aliyenikatiza, kwa sababu kila mtu alikuwa akingoja neno "munywe" litokeze.

Daktari alishika vidonge, akashika sanduku. Akanitazama, na nikaona anakumbuka shangazi, kisha nikaona anakumbuka mjomba.

"Zote mbili?" alisema. "Pamoja? Nani alisema?"

Shangazi akamtazama mjomba. Mjomba akatazama dari.

"Hii moja peke yake ni sawa," alisema daktari, na sasa alikuwa amesimama. "Na hii peke yake ni sawa. Lakini hii ya Ulaya inazuia gardenali kutoka mu mwili. Munamupa kidonge kimoja leo, cha jana kingali ndani, na cha juzi. Inapanda tu. Huyu mutoto hajatulia. Amelewa gardenali."

"Dawa ya nini lakini?" aliuliza msemaji wa Kabalo.

Hapo ndugu zangu wote wakawa watulivu kuliko mimi.

"Kifafa," nikasema. Neno lilitoka safi, bila kukwama popote.

Nilitegemea wainuke. Kila mtu alitegemea hivyo, baba alikuwa amekwisha kuvuta meza kuwapisha. Lakini mama wa kijana hakuinuka. Alikuwa mwanamke wa kufikiri.

"Dokta," alisema taratibu. "Na hizi mbili pamoja, haangukake?"

"Hapana. Haanguke."

"Na anakaa hivi. Kimya hivi."

"Analala, mama. Ukiondoa moja ataamuka."

"Akiamuka, iko namna gani?"

Swali lilikuwa kwa upande wetu. Shangazi alijibu, yeye ambaye hakuwahi kuficha ukweli unaoweza kuumiza. "Anasema," alisema. "Ee, mama. Anasema sana."

Yule mama alinitazama tena, kwa huruma hata, kama mtu sokoni anayependa kitambaa na ameona tundu. Kisha akamgeukia daktari.

"Sasa haiwezekane aendelee na zote mbili?"

Ningependa kuandika kwamba watu walishtuka. Hawakushtuka. Waligeuka wote kumtazama daktari, pande zote mbili, mlango na dirisha, shangazi na mjomba, wakangoja jibu. Baba yangu pia alingoja. Lilikuwa limeonekana swali la maana. Nimesamehe mambo mengi katika maisha yangu, na ule ukimya mfupi sijui kama nimeusamehe.

"Siku moja atalala na hataamuka," alisema daktari.

Wakafikiri juu ya hilo nalo.

Ndipo mama akainuka. Mama ambaye katika mikutano ya ukoo alikuwa anakaa karibu na sufuria. Alikuja mpaka katikati akasimama kando yangu, akanyoosha mikono yake miwili mbele ya wote.

"Mimi njo nilimupa," alisema. "Asubuhi na jioni, na hii mikono. Ili musikasirike." Hakumtazama mtu. "Sasa mukasirike. Mutoto niliyezaa mimi anasema. Mukimutaka huyo, mumungoje aamuke mumusikie. Mukimutaka huyu wa kulala, bebeni bia yenu, wakwe."

Kisha akaniuliza mimi, kwa taratibu zote, maana alikuwa mtu wa taratibu: "Mama yangu. Banywe, ao basinywe?"

"Basinywe," nikasema.

Wakabeba bia. Yule kijana wa breki alinipungia mkono mlangoni, maskini, na naamini alikuwa mtu mwema.

Daktari aliondoa vidonge vya mjomba, kidogo kidogo, akaacha gardenali. Alisema dawa inayotegemea valizi ya mtu si dawa ya maisha yote. Shangazi alitembea mtaani wiki nzima akieleza jinsi ukoo wake ulivyoniokoa na sumu ya Ulaya. Mjomba alieleza kwamba kwetu kule daktari asingefanya hivyo. Mimi niliamka pole pole. Kwanza nikaanza kusikia harufu ya samaki, kisha nikaanza kuchukia nyimbo za asubuhi shuleni, na siku moja nilimjibu mwalimu kabla hajamaliza swali akanifukuza darasani, nikacheka mpaka langoni. Mtihani niliufanya nikafaulu. Kwa alama gani, hiyo ni siri yangu na wizara.

Lakini daktari alikuwa ametuonya kwamba kuanguka kunaweza kurudi, na kulirudi. Ilikuwa asubuhi, kisimani, mbele ya wanawake wengi. Nilipofumbua macho kichwa changu kilikuwa mapajani mwa mama, chini kwenye matope. Wanawake walikuwa wamerudi nyuma wote, kwa sababu kwetu waliamini povu la mwenye kifafa linaambukiza, na mama alikuwa analifuta kwa kiganja kitupu.

"Mama," alisema jirani mmoja kutoka mbali, kwa wema kabisa, "zile dawa mbili zilikuwa afadhali. Alikuwa ametulia."

Mama aliinama usoni kwangu. "Unanisikia?"

Nilimwambia namsikia. Nilimwambia pia kwamba ananivunja shingo, kwamba kikwembe chake kinanuka ndakala, wale dagaa wa ziwani, kwamba ndoo yangu inavuja na huyo jirani ameikanyaga, na kwamba kama watu wote wa mtaa wamekuja kunitazama basi angalau mmoja anichotee maji.

Mama alianza kucheka, machozi yanamtoka. Akamgeukia yule jirani.

"Unamusikia?" alimwuliza. "Unamusikia vile anasema?"